Umewakuzaje?

Zoezi lililowachanganya wanafunzi wetu kuliko mengine yote halikuhitaji mashine ya gharama. Katika maabara ya kufundishia niliyofanyia kazi Dar es Salaam tulianza na Escherichia coli wa maabara, aina isiyomdhuru mtu. Tuliwagawa kwenye mirija midogo mingi, kila mrija ukianza na bakteria wachache mno, tukawaacha wakue usiku kucha katika nyuzi joto 37. Asubuhi kila mrija ulimwagwa kwenye sahani yake ya agari yenye rifampisini, na baada ya siku mbili tulihesabu makoloni yaliyoota.

Rifampisini ni ile dawa ya kifua kikuu inayougeuza mkojo uwe wa rangi ya chungwa. Karibu kila darasa lilikuwa na mtu aliyemwona mjomba au shangazi akishtuka siku ya kwanza ya kuimeza. Ndani ya bakteria, dawa hiyo hukibana kimeng'enya kinachonakili DNA kuwa RNA, na bakteria aliyezuiwa kunakili hana maisha. Anayepona ni yule ambaye jeni yake ya rpoB imebadilika herufi moja mahali ambapo dawa hushika. Kila koloni kwenye sahani ni uzao wa mmoja wa hao.

Wanafunzi walihesabu wakaleta karatasi: mbili, sifuri, tano, sifuri, moja, kisha sahani moja yenye zaidi ya mia. Mirija yote ilitoka kwenye chupa moja na kulala kwenye inkubeta moja. Aliyeshika pipeti ndiye aliyelaumiwa kwanza.

Hapo ndipo nilipopenda kuwasimulia habari za Salvador Luria. Alikuwa Mwitaliano aliyeukimbia ufashisti, na mwaka 1943 alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Indiana, mjini Bloomington, Marekani. Usiku mmoja alikwenda kwenye dansi ya walimu wenzake, akasimama kumtazama mmoja wao akicheza mashine ya kamari. Mashine ilimeza sarafu baada ya sarafu bila kutoa kitu, kisha ghafla ikamwaga fungu zima. Luria akaona kwamba hesabu ya bakteria sugu ingeweza kuwa na sura hiyohiyo. Kama usugu ungeletwa na kukutana na adui, basi kila mrija ungetoa idadi inayokaribiana na ya mwenzake, kwa sababu wote hukutana na adui kwa wakati mmoja, pale kwenye sahani. Kama mabadiliko hutokea kwa bahati wakati bakteria bado wanakua, mrija uliobahatika mapema ungekuwa na uzao mkubwa wa bakteria sugu, na mingi mingine isingekuwa na hata mmoja. Alipima kwa kutumia virusi wanaoua bakteria. Rafiki yake Max Delbrück, mwanafizikia Mjerumani aliyekuwa akifundisha Nashville, alitengeneza hesabu zake. Matokeo yalifanana na mashine ya kamari. Mwaka 1969 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Alfred Hershey.

Somo hilo ni kweli, na mimi nalifundisha mpaka leo: badiliko la DNA halisubiri haja. Lakini kuna somo la pili ambalo wanafunzi hulibeba bila kuambiwa, kwamba kwa kuwa badiliko ni la bahati, basi hali ya mahali bakteria alipokulia haina uzito. Wanaamini kila aina ya bakteria ina kiwango chake cha kubadilika, kimeandikwa kitabuni, na kazi yako ni kukikariri. Vitabu kweli vina namba. E. coli ana DNA ya herufi zipatazo milioni 4.6, naye hukosea kunakili herufi moja takriban mara moja katika kila migawanyiko elfu moja ya seli. Namba hiyo inastaajabisha, maana ni usahihi ambao hakuna mnakili wa kibinadamu aliyewahi kuukaribia. Swali langu lilikuja kuwa: ilipimwa kwa bakteria waliokuwa wakila nini, wangapi kwenye mrija, kwa hewa kiasi gani?

Swali hilo silidai kuwa langu. Nilirithishwa na fundi sanifu mkuu wa maabara yetu, mwanamke wa Tanga ambaye sote, pamoja na maprofesa, tulimwita Mama. Ungeingia asubuhi na sahani zako mkononi, useme, "Shikamoo, Mama," naye angeitikia, "Marahaba. Hawa umewakuzaje?" Alikuwa haangalii makoloni kwanza. Alitaka kujua mchuzi ulipikwa lini, ni wa aina gani, ujazo wake kwenye mrija, chupa ilitikiswa kwa kasi gani, na bakteria walikuwa na saa ngapi tangu wapandwe. Umeme ulipokatika aliandika kwenye daftari saa ulipoondoka na saa uliporudi, kwa sababu kitikisio kikisimama hewa haiingii tena vizuri kwenye mchuzi na bakteria huanza kuzama chini. Siku ya namna hiyo aliitengea ukurasa wake. Hakuitupa, ila hakukubali ichanganywe na siku nyingine.

Nilidhani ni unadhifu wa kazi tu, wa mtu aliyeishi na rejista miaka mingi. Kisha tukafanya zoezi lile kwa makundi mawili. Kundi moja lilitumia mchuzi mzito wenye chakula tele, lingine mchuzi mwembamba wenye glukosi kidogo. Kundi la mchuzi mwembamba lilipata makoloni machache, kama kila mtu alivyotarajia, kwa kuwa bakteria wenyewe walikuwa wachache. Lakini tulipopiga hesabu kamili, tukipata uwezekano wa kila seli kubadilika kila inapogawanyika, wale wachache walionekana kubadilika mara nyingi zaidi kuliko wale waliojaa. Mama aliisoma karatasi mara mbili. Akasema turudie, na tuandike pia idadi yao kwa kila mililita, si aina ya mchuzi peke yake. Tuliporudia, tofauti ilibaki palepale.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester, Rok Krašovec, Chris Knight na wenzao, walikuwa wameliona jambo hilo kwa upana zaidi. Mwaka 2014 walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba kiwango cha E. coli kupata usugu wa rifampisini hushuka kadiri msongamano wa bakteria unavyopanda. Mwaka 2017 walipanua kazi hiyo, wakapitia na vipimo vilivyochapishwa na wengine kwa miongo mingi, wakaona mwelekeo uleule kwa bakteria wengine na hata kwa hamira. Kwa nini wengi wabadilike kidogo na wachache wabadilike sana? Sehemu kubwa ya jibu imo katika peroksidi ya hidrojeni, sumu inayotokana na matumizi ya oksijeni. Sumu hii hupenya utando wa seli na kutawanyika kwenye mchuzi. Huharibu herufi za DNA, hasa G, pamoja na malighafi ambayo seli hutumia kujenga DNA mpya. Kila bakteria ana vimeng'enya vya kuivunja. Mahali wanapoishi wengi, kila mmoja anavunja kidogo na wote wananufaika, kama kijiji kinachozibua mfereji mmoja. Aliye peke yake hubeba sumu yake mwenyewe na ile iliyomkuta pale. Ukiwaondolea bakteria kimeng'enya kinachoitwa MutT, ambacho husafisha malighafi iliyoharibiwa na oksijeni, faida hiyo ya wingi hutoweka.

Jambo hili linanigusa kila ninapolifikiria. Usahihi wa seli moja kunakili DNA yake, jambo ambalo ungedhani ni siri yake ya ndani kabisa, unategemea majirani ilionao.

Hata hivyo idadi ya majirani si habari yote. Kuna suala la muda, nalo ni la zamani zaidi. Leo Szilard, mwanafizikia aliyekuwa wa kwanza kuliwaza lile tendo la mfululizo la kinyuklia, aligeukia biolojia baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Akiwa Chicago pamoja na Aaron Novick alitengeneza chombo walichokiita kemostati, na mwaka uleule, 1950, Jacques Monod wa Ufaransa alieleza kifaa cha namna hiyohiyo kivyake. Mchuzi mpya huingia tone kwa tone, mchuzi wa zamani hutoka kwa kasi ileile, na mtafiti ndiye anayeamua bakteria wakue haraka au polepole. Novick na Szilard waliwabana bakteria kwa kuwapimia triptofani kidogo kidogo, kisha wakahesabu wanaopata usugu dhidi ya virusi. Mtu angetarajia mabadiliko yafuate idadi ya vizazi, kwa kuwa makosa hutokea wakati wa kunakili: vizazi vikipungua nusu, makosa nayo yapungue nusu. Haikuwa hivyo. Kwa saa moja mabadiliko yalikuwa yaleyale, bakteria wagawanyike upesi au wajikokote. Aliyegawanyika polepole alikusanya makosa mengi zaidi kwa kila kizazi.

Niliposoma kazi hiyo kwa mara ya kwanza nilikwenda kumwonyesha Mama. Akaniuliza, "Triptofani peke yake, au na vingine?" Baadaye niligundua kwamba lilikuwa ndilo swali linalofaa kuliko yote. Njaa haziko sawa. Ram Maharjan na Tom Ferenci walichapisha mwaka 2017 kazi iliyolinganisha E. coli katika hali sita za lishe: wanaokosa glukosi, wanaokosa fosfati, wanaokosa nitrojeni, wanaokosa oksijeni, wanaokosa chuma, na walioshiba. Kiwango cha mabadiliko kilitofautiana, na zaidi ya hapo hata aina ya mabadiliko ilitofautiana. Hali moja ilizaa kwa wingi kubadilishana kwa herufi fulani, nyingine ikazaa upotevu wa vipande vya DNA au vipande vinavyoruka na kujipachika mahali pengine. Kwa hiyo mtu akiandika "bakteria walikuwa na njaa" hajasema kitu mpaka ataje walikosa nini.

Katika mlolongo huu wote, sehemu iliyozua mabishano makali zaidi ni ya John Cairns. Mwaka 1988 yeye na wenzake wawili waliandika katika jarida la Nature kuhusu E. coli wasioweza kutumia laktosi, waliowekwa kwenye sahani ambayo chakula chake pekee ni laktosi. Bakteria hao walikaa bila kukua, na bado siku baada ya siku yakajitokeza makoloni mapya ya walioweza kuila. Cairns alidokeza kwamba huenda bakteria wana njia ya kuchagua badiliko linalowafaa. Wanabiolojia wengi walikasirika, kwa sababu ilionekana Luria anapinduliwa. Kundi letu la kusoma liligawanyika nusu kwa nusu, na kuna mtu aliyepiga meza. Miaka ya kazi iliyofuata, ya Patricia Foster, Susan Rosenberg, John Roth na wengine, ilionyesha picha yenye sura nyingi. Mabadiliko yalipatikana pia kwenye jeni zisizohusiana kabisa na laktosi, kwa hiyo bakteria hawakuwa wakichagua. Wapo waliokuwa wameirudufisha jeni yao dhaifu mara nyingi, wakakua kidogo kidogo, na kila nakala ikawa nafasi nyingine ya kosa. Tena, seli iliyobanwa na shida huwasha protini iitwayo RpoS na kutumia vimeng'enya vya kunakili visivyo makini. Evelyn Witkin na Miroslav Radman walikuwa tayari wameeleza mfumo wa dharura wa bakteria, ule unaoamka DNA ikijeruhiwa, kwa mfano na mwanga wa urujuanimno. Mfumo huo huiokoa seli kwa kuruhusu unakili wa ovyo.

Luria akabaki amesimama: badiliko halijui haja. Ila mara ngapi litokee, na la namna gani, hilo mahali pana sauti. Naona huu ndio ufahamu mzuri kuliko pande zote mbili zilizokuwa zikibishana mezani kwetu, nao ulihitaji wavumilivu waliorudia kazi ileile wakibadilisha kitu kimoja kwa wakati.

Bakteria wa maabara wana pia historia ndefu kuliko jaribio lolote. E. coli K-12, ambaye maelfu ya maabara humtumia, alitoka kwa mgonjwa aliyekuwa akipata nafuu ya dondakoo huko Stanford mwaka 1922. Tangu hapo amehamishwa sahani hadi sahani, amekaa kwenye vichupa vilivyofungwa, amesafiri kwa posta. Mwaka 1993 kundi la Roberto Kolter wa Harvard lilionyesha kwamba bakteria walioachwa siku kumi kwenye mchuzi ulioishiwa chakula huzaa wenye badiliko kwenye jeni ya rpoS, na hao wakichanganywa na ndugu zao wa siku moja huwashinda na kuchukua chupa nzima. Ndiyo maana Mama hakuruhusu mtu afanye jaribio kwa bakteria waliosahauliwa kwenye jokofu. Angekutuma kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ukwangue kidogo kutoka kwenye kichupa cha gliseroli, uanze upya kutoka koloni moja. Friza hiyo aliilinda kwa wivu. Jenereta yake ilijaribiwa kila wiki, hata wiki ambazo umeme haukukatika kabisa.

Friza ndiyo iliyofanya jaribio la Richard Lenski liwezekane. Tarehe 24 Februari 1988, huko Irvine, California, alipanda chupa 12 za E. coli zilizofanana, akaanza kuhamisha asilimia moja ya kila chupa kwenye mchuzi mpya kila siku. Mchuzi ulikuwa na glukosi kidogo, ukaisha mapema kila siku, bakteria wakabaki wakingoja. Kila baada ya vizazi 500 alihifadhi sampuli kwenye baridi. Vizazi vimepita 75,000. Chupa sita kati ya zile 12 zilizaa bakteria waliopoteza sehemu ya mashine yao ya kusahihisha makosa, wakawa wanabadilika mara nyingi kupita wenzao. Sita nyingine hazikufanya hivyo, ingawa zilikula chakula kilekile kwa ratiba ileile. Chupa moja, baada ya vizazi kama 31,500, ilipata bakteria wanaokula sitreti penye oksijeni. Sitreti ilikuwamo kwenye mchuzi tangu siku ya kwanza, haiguswi. Zachary Blount alirudi kwenye sampuli zilizogandishwa, akaanzisha historia upya kutoka vizazi mbalimbali, na akaona kwamba mabadiliko ya awali yalikuwa yametayarisha njia. Mimi huwaonyesha wanafunzi jaribio hili kila mwaka, kwa sababu linawazuia kuniamini kupita kiasi: hali ya ukuaji ina nguvu, na bado haikuamua kila kitu.

Nimekaa sana maabara, lakini kinachonifanya nisiliache jambo hili kiko wodini. Jaribio la streptomaisini la huko Uingereza, lililochapishwa mwaka 1948, lilionyesha wagonjwa wa kifua kikuu wakipata nafuu kwanza, kisha bakteria wao wakawa sugu. Dawa moja haikutosha, na hesabu inaeleza sababu. Vitabu husema bakteria mmoja katika takriban milioni moja ni sugu kwa isoniazidi, na mmoja katika takriban milioni mia moja kwa rifampisini. Pafu lenye tundu la ugonjwa linaweza kuwa na bakteria kufikia hata milioni mia kadhaa, kwa hiyo aliye sugu kwa dawa moja yumo tayari. Aliye sugu kwa zote mbili kwa mpigo ni adimu mno. Kwa msingi huo dawa huchanganywa. Afrika Mashariki ina sehemu yake kubwa katika habari hii: majaribio yaliyofanywa kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, kwa wagonjwa wa Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia, yalichapishwa mwaka 1972 yakionyesha kwamba mchanganyiko wenye rifampisini unaweza kuponya kwa miezi sita, wakati matibabu ya kawaida yalichukua mwaka mmoja na nusu. Baba yangu mdogo alitibiwa kwa miezi sita. Nilikuwa mtoto, nikamhesabia vidonge.

Namba zile za moja katika milioni zilipatikana kwenye chupa za maabara. Pafuni bakteria wako katika hali nyingine: wapo waliosongamana kwenye tundu lenye hewa, wapo waliozingirwa ndani ya vinundu ambamo oksijeni ni haba, wapo waliotulia miaka bila dalili. Kwa muda mrefu wengi walidhani waliotulia hawabadiliki, kwa kuwa hawagawanyiki au hugawanyika kwa nadra. Mwaka 2011 kundi la Sarah Fortune lilisoma DNA ya bakteria wa kifua kikuu waliotolewa kwa nyani wenye maambukizi yaliyolala. Kwa siku, walikusanya mabadiliko kwa kiasi kinachofanana na cha wale wa ugonjwa ulioamka, na cha wale waliokua haraka kwenye chupa. Nilipoisoma nilikumbuka mara moja kemostati ya Chicago na saa zake. Watafiti walidhani uharibifu wa oksijeni ndani ya mwili unaweza kuwa chanzo kimojawapo. Kwa mtu anayepewa dawa moja tu ya kuzuia maambukizi yaliyolala, hili si suala la vitabuni.

Mama amestaafu na yuko kwao Tanga, na mimi ndiye ninayeshika rejista. Fomu yetu ya jaribio sasa ina nafasi ya aina ya mchuzi na tarehe ulipopikwa, ujazo, chombo, kasi ya kutikisa, joto, umri wa bakteria, idadi yao kwa mililita mwanzoni na mwishoni, na saa za kukatika umeme. Makala ninayopewa kuhakiki nayo naisoma kwa fomu hiyohiyo, na isiyoeleza msongamano huirudisha kwa mwandishi hata kama takwimu zake ni nzuri. Muhula huu wanafunzi wanarudia zoezi la rifampisini kwa chupa zinazotikiswa na zisizotikiswa, kila kundi likianzia kichupa kimoja cha friza. Nusu yao wanatabiri kwamba wasiotikiswa watabadilika kidogo kwa kukosa oksijeni. Nusu nyingine wanasema kukosa oksijeni ni njaa kama njaa nyingine. Tumekubaliana utabiri wa kila mmoja uandikwe kwenye rejista kabla sahani hazijafunguliwa.